Redio ya gari ikizimazima, itazame saa yake kwanza

Redio ya gari inapozimika njiani na kurudi yenyewe baada ya mita mia mbili, mkono wa kwanza huenda kuipiga kofi. Kofi hilo mara nyingi husaidia, na ndiyo maana tatizo hudumu mwaka mzima. Kabla ya kofi la pili, tazama saa. Je, redio imerudi na saa sahihi na stesheni zako zilezile, au imerudi ikiandika 12:00 na kukuuliza uchague lugha kana kwamba imetoka kwenye boksi leo? Jibu la swali hilo linapunguza kazi ya fundi kwa nusu kabla hajashika bisibisi.

Sababu iko nyuma ya redio yenyewe. Wengi hudhani redio hupata moto kwa waya mmoja, kama taa. Kumbe inapata kwa nyaya mbili, na wa tatu ni wa ethi. Katika redio za kununua madukani, waya wa njano hutoka kwenye betri kupitia fyuzi na una moto saa zote, hata gari likiwa limefungwa na wewe umelala. Huo ndio unaotunza saa, stesheni na mipangilio ya sauti. Waya mwekundu hupata moto pale tu unapozungusha ufunguo hadi hatua ya kwanza, ile inayoandikwa ACC. Mweusi ni ethi, njia ya umeme kurudi kwenye bodi ya gari na kisha betri. Hapa pana jambo linalowapotosha hata mafundi wazoefu: wanadhani mwekundu ndio unaobeba mzigo. Ni kinyume. Mwekundu ni kama bawabu tu, unaiambia redio amka au lala. Mzigo wenyewe, yaani umeme unaosukuma spika, hupita kwenye njano na kurudi kwa mweusi.

Basi ikiwa redio imezimika lakini saa haikupotea, njano na ethi hazikukatika kabisa na mara nyingi bawabu ndiye aliyesinzia: anza na mwekundu. Ikiwa saa imepotea, usihangaike na mwekundu. Njano au mweusi umekatika, hata kama ni kwa robo ya sekunde.

Kwa nini ugonjwa huu umeenea hivi kwetu? Nadhani kisa kikubwa ni Japani. Magari mengi tunayoendesha Dar es Salaam, Mombasa na Kampala yametoka kule yakiwa na redio zake, na FM ya Kijapani kwa miaka mingi ilikuwa kati ya 76 na 90 MHz, wakati stesheni zetu zinaanza 87.5 na kufika 108. Redio hiyo inashika kipande kidogo tu cha chini, na nyingine zote hazifikiki. Mwenye gari ana njia mbili: aweke kile kiboksi cha kupanua masafa kwenye waya wa antena, ambacho nacho kinahitaji moto wake, au ang'oe redio aweke nyingine. Zote mbili zinamfikisha kwa fundi mwenye wembe na tepu nyeusi. Plagi ya kiwandani inakatwa, nyaya zinasokotwa kwa vidole, tepu inazungushwa mara tatu, dashibodi inarudishwa, na muziki unaanza. Siku hiyo kazi ni safi. Miaka miwili baadaye gundi ya tepu imeyeyuka kwa joto la dashibodi, shaba imegeuka kijani kwa unyevu wa chumvi wa pwani, na ule msokoto umelegea kwa matuta.

Isitoshe, baadhi ya redio za Kijapani zenye ramani zikikosa moto wa kudumu hata mara moja, mathalani betri ikifunguliwa ili kubadilishwa, hujifunga na kuandika ERC zikidai namba ya siri. Redio nzima iliyotupwa kwa sababu hiyo haikuwa na ubovu wowote.

Sasa tumfuate bawabu. Waya mwekundu hupitia swichi ya ufunguo, na swichi hiyo ina visahani vya shaba ndani vinavyolika. Watu wanaobeba ufunguo wa gari pamoja na funguo za nyumba, duka na kufuli la geti wanaviumiza zaidi, kwa kuwa shada zima linaning'inia na kuyumba kwa kila shimo. Jaribio lake halihitaji kifaa: redio ikiwa inalia, chezesha ufunguo kidogo kushoto na kulia bila kuzima gari. Ikikatika na kurudi, umeshampata mchawi.

Kuna jaribio lingine ninalolipenda zaidi. Kile kitundu cha kuwashia sigara, ambacho leo ni cha kuchajia simu, katika magari mengi hupata moto kwa njia ileile ya ACC. Chomeka chaja yenye taa, endesha, na umwombe abiria wako aikodolee macho. Redio ikizima na taa ya chaja ikazima nayo, tatizo liko juu, kwenye swichi au relei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, inayolisha vyote viwili. Redio ikizima na chaja ikabaki imewaka, njia ya juu ni nzima. Tafuta kati ya fyuzi ya redio na redio yenyewe. Chaja ya bei ndogo imefanya kazi ya saa mbili za kufungua dashibodi.

Usimlaumu bawabu, hata hivyo, redio ikizima wakati unapiga selfu. Magari mengi yametengenezwa yakate ACC kwa makusudi ili nguvu yote iende kuzungusha injini. Lakini saa ikipotea wakati huo, hapo pana habari. Betri iliyopumzika ikiwa nzima husoma karibu volti 12.6, na inapopiga selfu isishuke chini ya takriban 9.6. Ikishuka zaidi, redio inaweza kusahau kila kitu, na baada ya muda gari lenyewe huenda lisiwake. Kabla ya kununua betri, shika vichwa vyake kwa mkono uvitikise. Kichwa kinachozunguka kwa nguvu ya vidole hakijafungwa, na ule unga mweupe au wa kijani uliokizunguka unazuia umeme.

Upande wa njano, anza na fyuzi, lakini uwe makini: fyuzi ikiungua imeungua, haiungui na kupona. Redio inayokufa na kufufuka haina fyuzi iliyoungua, labda fyuzi iliyolegea kwenye makao yake. Katika Toyota nyingi moto wa kudumu wa redio hushirikiana fyuzi na taa ya ndani, ile inayoandikwa DOME, kwa hiyo redio ikisahau saa na taa ya paa ikagoma siku moja, umeshajua pa kwenda. Na fyuzi ikiungua mara ya pili, usipandishe namba. Nyekundu ni ampea 10, ya buluu 15, ya njano 20. Ukitoa nyekundu ukaweka njano, au ukafunga ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara kama walivyokuwa wakifanya wazee wetu, umeuhamishia waya kazi ya kuungua, na waya uko ndani ya dashibodi ya plastiki karibu na magoti yako.

Rangi nazo zina mitego. Njano, nyekundu na nyeusi ni za upande wa redio ya dukani. Upande wa gari ni lugha nyingine: katika Toyota nyingi moto wa kudumu ni waya wa buluu wenye mstari wa njano, ACC ni kijivu, na ethi ni kahawia. Volkswagen za zamani hutumia plagi ileile ya Ulaya lakini matundu ya moto wa kudumu na wa ufunguo yamebadilishana nafasi. Redio ikifungwa humo bila kuligundua hilo, itasahau stesheni kila unapozima gari, na mwenye gari atasema redio ni feki. Watengenezaji wanajua, ndiyo maana nyaya za njano na nyekundu za redio nyingi zina viungio vidogo vya kuchomoa katikati, ili ubadilishane bila kukata. Katika magari mapya ya Ulaya huenda usiukute kabisa waya wa ACC nyuma ya redio, maana habari ya ufunguo husafiri kama ujumbe wa kompyuta, na inahitajika kiboksi cha kuutafsiri. Jambo la usalama: chini ya usukani kuna nyaya zenye plagi za njano ambazo hazihusiani na muziki. Ni za eabegi. Usizipime wala usizichokonoe.

Sasa ethi, ambako ndiko nadhani nusu ya redio zinazozimazima huugulia, na ambako mita humdanganya fundi mchana kweupe.

Redio inazima ukiongeza sauti. Fundi anachomoa plagi, anaweka ncha moja ya mita kwenye njano na nyingine kwenye mweusi, mita inasoma 12.4. "Umeme upo, bosi. Redio imekufa." Unanunua nyingine, nayo inazima. Nini kimetokea? Mita yenyewe haili umeme unaohesabika. Ule msokoto wa waya hata ukibakiwa na uzi mmoja wa shaba usio na kutu, utapitisha volti zote 12.4 kwa sababu hakuna anayezivuta. Ni kama bomba la maji lililoziba: ukifunga koki, presha ipo kamili, ukifungua, yanatoka matone.

Tufanye hesabu. Tuseme kiungo kibovu kina ukinzani wa omu 0.3 tu, kiasi ambacho mita ya bei rahisi hata haikioni vizuri. Redio ikilia polepole huvuta ampea 1, na kiungo kinakula volti 0.3; redio inabaki na 12.1 na hailalamiki. Ukipandisha sauti na besi ikapiga, inavuta ampea 8 kwa mara moja. Mara 0.3, ni volti 2.4 zilizopotea. Redio inabaki na 10. Redio nyingi za Pioneer zimeandikwa kwamba hukubali kuanzia volti 10.8 hadi 15.1; chini ya hapo inazima. Ikizima haivuti tena, volti zinapanda, inajiwasha, besi inapiga, inazima. Na gari likiwa linanguruma altaneta, mtambo unaochaji betri, hutoa kati ya volti 13.5 na 14.5, kwa hiyo hasara ileile ya 2.4 inaacha 11 na ushei, na redio inalia vizuri. Ukisikia mtu anasema "inazima nikiwa nimepaki tu, nikiendesha haina shida," huhitaji mganga.

Kwa hiyo pima redio ikiwa inalia, na kwa sauti. Weka ncha moja ya mita kwenye waya mweusi nyuma ya redio na nyingine kwenye kichwa hasi cha betri, ukirefusha waya kama haufiki. Ethi nzima itasoma karibu na sifuri, tuseme chini ya 0.2. Ikisoma 1 au 2 huku besi inapiga, umeme unapotelea njiani. Fanya vilevile kwa njano dhidi ya kichwa chanya. Fundi asiye na mita achukue balbu ya breki ya wati 21, aiunge mahali pa redio. Balbu hiyo huvuta karibu ampea 1.75, na kiungo kilichooza sana kitaonekana kwa mwanga wake mwekundu wa huzuni. Ila balbu hiyo isiguse nyaya za kompyuta ya gari.

Ethi ina visa vyake. Redio ambayo waya wake mweusi umekatika kabisa inaweza kuendelea kulia kwa miezi, kwa sababu inajitafutia njia nyingine ya kurudi: ganda la chuma la waya wa antena, ambalo limegusa bodi kule juu. Siku antena ikilegea, redio inakufa, na kila mtu anashangaa antena inahusianaje na umeme. Kisa cha pili kilinipata mimi katika gari la kwanza nililonunua: redio ilikuwa nzima mchana kutwa na kufa kila Magharibi. Fundi wa kwanza alitafuta ethi kwa kupima waya gani umeshikana na bodi, akaupata mmoja, akaunga. Kumbe ulikuwa waya wa moto wa taa ndogo za dashibodi. Taa zikiwa zimezimwa, waya huo unaonekana kama ethi kwa kuwa umefika kwenye bodi kupitia balbu. Ukiwasha taa, unapata volti 12 na redio inabaki na moto pande zote mbili, bila pa kurudishia. Miezi minne nilikuwa nasikiliza taarifa ya habari ya mchana tu.

Tiba ya ethi ni kuwa na waya wake mwenyewe, mnene kama wa njano au zaidi, uliofungwa kwa boliti kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Skrubu iliyoshika plastiki ya dashibodi si ethi, hata ikikazwa namna gani.

Kuna kuzima ambako hakutokani na nyaya hizi tatu. Redio ikiandika PROTECT, inajilinda na hatari upande wa spika. Nyaya za spika za mlango hupita kwenye bawaba na kukunjwa kila unapofungua. Ganda likichubuka, shaba inagusa chuma. Kutoka kwenye redio ya kisasa, waya hasi wa spika hauruhusiwi kugusa bodi hata kidogo, kwa kuwa nao unasukumwa na amplifaya kama ule chanya. Magari ya zamani yaliyounganisha hasi zote za spika pamoja yakifungwa redio mpya hufanya hivyohivyo. Jaribio: chomoa plagi ya spika zote uone kama redio inatulia, kisha rudisha moja moja. Halafu kuna joto, hasa kwa redio za Android zenye skrini kubwa zinazokaa juani siku nzima. Hizo hupumzika dakika 20 kivulini na kurudi, na dawa yake ni hewa nyuma ya redio. Android pia huweza kujizima kwa hitilafu ya programu. Ukiona inaanza upya huku saa na mipangilio iko sawa na chaja haijatetemeka, usikate waya wowote.

Inayozima unapokanyaga mafuta inaweza kuwa inakimbia umeme uliozidi. Kidhibiti cha altaneta kikiharibika, volti hupita 15 na redio nyingi hujifunga. Hapo redio ni mjumbe tu, betri inachemka.

Niseme kidogo juu ya wati, maana ndizo zinazoleta ugomvi. Redio iliyoandikwa 4 x 50 ingetoa wati 200. Tazama fyuzi yake: ikiwa ni ampea 10, mara volti 14 ni wati 140 zinazoingia, na nyingine zinapotea kama joto. Haiwezekani itoe 200. Nguvu halisi ya kudumu ni karibu wati 20 kwa kila spika. Anayetaka zaidi aweke amplifaya, na amplifaya iwe na waya wake mnene kutoka betri wenye fyuzi karibu na betri, wala isidoee waya wa njano wa redio. Redio nyingi zinazozimazima nilizoona kwenye gari za vijana zilikuwa zimedoewa hivyo.

Wa malori na mabasi ya volti 24 wana balaa lao. Kwa kuwa redio ni ya volti 12, fundi hunyofoa moto katikati ya betri mbili, kwenye ile ya chini. Redio inalia. Lakini betri moja inanyonywa na nyingine hainyonywi, altaneta inazichaji kwa pamoja bila kujua tofauti, hivyo moja inabaki na njaa na ya pili inashindiliwa hadi inachemka. Zote hufa mapema. Kiboksi cha kushusha 24 kuwa 12 ni rahisi kuliko betri moja ya lori.

Na fundi akichoka kumtafuta bawabu, huunganisha mwekundu na njano pamoja. Redio haizimi tena njiani, kweli, lakini haizimi kamwe. Gari lililolala linaruhusiwa kuvuta miliampea 20 hadi 50. Redio ya Android iliyonyimwa usingizi ikivuta 300 tu, kwa siku ni ampea-saa 7.2, siku tatu, karibu nusu ya betri ya 45 imekwenda. Ukirudi kutoka msibani mkoani, gari haliwaki.

Ukienda gereji, basi, usiseme "redio inazimazima." Sema hivi: "Fundi, inazima nikipita tuta, ikirudi saa inaandika 12:00, chaja ya simu haizimi, na haichagui kama gari linanguruma au limezimwa." Umemtajia njano au mweusi, kiungo kilicholegea, kati ya fyuzi na redio. Akichomoa plagi ili apime, mwombe airudishe, afungulie muziki, ndipo apime.